Mkono Hupita Mara Tatu

Vidole vyangu vilianza kufa mwaka juzi, mvua za Machi, na sikumwambia mtu. Kilitangulia kidole gumba cha kulia, kikafuata cha shahada, halafu kila kimoja kwa zamu yake mpaka vikatimia vyote kumi. Havikuuma. Vingeuma ningekwenda kulalamika hospitali kama binadamu wengine. Vilikaa tu pale mwishoni mwa mkono, vizima kwa kuvitazama, vinashika mkasi, vinafunga vifungo vya shati, lakini ungenifumba macho ukaniwekea kitambaa mkononi, nisingejua kama ni sufu au gunia la mahindi.

Kwa mtu mwingine si neno. Mwalimu anafanya kazi kwa mdomo, dereva wa pikipiki anafanya kazi kwa macho na kwa wazimu. Mimi ni fundi wa suti.

Naitwa Twagirayezu Salvator. Nashonea Nyamirambo, mtaa wa Kigali, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja na cherehani mbili: moja ya kazi, nyingine ya kutolewa vipuri ile ya kazi ikigoma. Nilizaliwa Bujumbura, wazazi wangu walikuwa wamekimbilia huko kutoka Rwanda, na kazi nilijifunza mtaa wa Buyenzi kwa mzee mmoja Mwislamu aliyenichapa rula mara nyingi kuliko alivyonisifu. Kiswahili changu na ufundi wangu vyote vimetoka kwake. Kila mteja alimpima mara mbili. Kwanza kwa futi, akaandika namba. Halafu alifumba macho akampitishia mikono mitupu shingoni, mabegani, mgongoni. Futi, alisema, inakupa upana wa mtu. Haikuambii kwamba bega moja limeshuka, wala kwamba huyu bwana amebana pumzi ili kitambi kisionekane. Na mkono uwe mwepesi. Ukimshika mtu kwa nguvu anajikaza, na ukimpima amejikaza utakuwa umemshonea mtu mwingine.

Koti likiisha, mkono tena. Unauingiza ndani, mtupu, unaupitisha juu ya bitana kutoka kola mpaka pindo, unaminya sponji za mabega, unatafuta pini, fundo la uzi, mkunjo. Mara tatu, si mbili. Koti ambalo mkono haujapita mara tatu halitoki, hata kama bwana harusi yuko mlangoni analia.

Sheria hizo nilikuja nazo Kigali mwaka tisini na tano na sijaziacha. Nikapata jina kwa ule wepesi wa mkono. Wakubwa wa ofisi za serikali kule Kacyiru walipanda ngazi zangu wakihema, wakasimama mbele ya kioo, na wakirudi ofisini walisimuliana: yule mzee akikupima utadhani nzi ametua. Nilivimba kichwa, sikatai. Maneno hayo nilikuwa nakwenda nayo nyumbani nakula nayo ugali.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwaambia wateja. Tangu Épiphanie, mke wangu, afariki miaka sita iliyopita, watu pekee niliowagusa ni wao. Wiki nzima ingeweza kupita na hakuna aliyeniwekea mkono begani. Kanisani tunapeana amani kwa kuinamishiana kichwa siku hizi, tangu ule ugonjwa wa barakoa, na watu wameona ni rahisi, hawakurudia. Basi mteja akisimama mbele yangu na joto la mgongo wake likanipanda viganjani, mimi nilikuwa napumzika. Anadhani nampima, kumbe naota moto. Vidole vilipokufa, na hilo nalo likaisha. Nilikuwa mpweke. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nikatafuta ujanja. Kitambaa nilikipima kwa shavu, mlango umefungwa. Siku moja sikuufunga vizuri, na Mukabalisa, anayeuza vitenge chumba cha pili, akachungulia.

“Muzee Salva! Hiyo suruali iko ya nani unabusu?”

“Sibusu. Nanusa kama mtu wa pasi ameiunguza.”

“Iko na bahati hiyo suruali,” akasema. “Mimi tangu mwaka jana hakuna mtu ananibusu, na sijaungua.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, kisha nikanunua komeo.

Niliyemficha hasa ni mwanangu. Achille ni mmoja tu, sina mwingine. Anafanya kazi Kacyiru, ofisi yenye kiyoyozi, anawaandikia barua pepe watu walioketi chumba cha jirani. Amejenga Gahanga, mwisho wa Kicukiro, kule ambako nyumba mpya zimeota katikati ya mashamba, na nyuma ya nyumba ametenga chumba. Kila Jumapili jioni alinipigia simu, na kila Jumapili wimbo ulikuwa mmoja.

“Papa, wacha kazi. Chumba iko tayari. Iko na choo ndani.”

Sikutaka choo ndani. Nilijua vizuri mambo yatakavyokwenda: siku Achille akigundua vidole vyangu vimekufa, Jumatatu yake cherehani zitauzwa, Jumanne nitakuwa Gahanga nimeketi kibarazani natazama mahindi ya watu, nasubiri Mungu anikumbuke. Mzee mwenye sindano mkononi ni fundi. Mwondolee sindano, ni mzigo wenye kofia. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, nimewaambia wengine mara mia.

Nisieleweke vibaya. Mimi na Achille hatujawahi kugombana. Ingekuwa heri, watu wakigombana hupatana. Sisi tunasalimiana. Mimi sikuwa baba wa kubebabeba mtoto, nilikuwa baba wa kushona. Kila mwaka wa shule nilimsimamisha mbele ya kioo, nikampima, nikamshonea sare iliyowafanya walimu waulize imetoka wapi. Komunio ya kwanza, suti. Mahafali, suti. Nilidhani mtoto aliyevalishwa vile ameshaambiwa kila kitu.

Januari akaniletea habari njema: anaoa. Binti anaitwa Natacha, nesi, mtoto wa mwanajeshi wa kambi ya Kanombe. Nikafurahi, nikasema Épiphanie angepiga vigelegele. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenipunguzia kazi, kwamba suti nisijali, rafiki yake anatoka Dubai, ataleta.

“Mtoto wa Salvator,” nikasema, “aingie kanisani na suti ya uwanja wa ndege?”

“Papa, utachoka.”

“Nitachoka nikifa.”

Kesho yake akanitumia vipimo kwenye WhatsApp. Kifua, kiuno, mkono, urefu, vyote vimepangwa vizuri. Vingenisaidia, na Mungu ananijua, ningevichukua siri yangu ikabaki salama. Lakini hasira ilinitangulia. Nikamjibu kwamba mimi sishonei simu, nashonea mtu, aje. Ndivyo nilivyojichongea mwenyewe.

Alikuja Alhamisi saa saba, saa ya chakula. Nikafunga komeo. Alivua koti, akasimama mbele ya kioo, mikono imelegea kando, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka sita. Futi ilikwenda vizuri, futi inasomwa kwa macho. Halafu nikafumba macho, nikamwekea mikono.

Hakukuwa na mtu. Sijui nieleze vipi. Nilijua mwanangu yuko mbele yangu, nasikia anavyopumua, nasikia harufu ya sabuni yake, na mikononi mwangu hakuna kitu. Nikatafuta ule mfupa wa ncha ya bega, mfupa ambao nimeupima tangu ulipokuwa mdogo kama punje ya mahindi. Sikuupata. Nikasukuma zaidi. Nikafumbua macho kidogo nikaona kucha zangu zimekuwa nyeupe, nikafumba tena. Nikashuka mgongoni, nikapanda, nikarudi begani, nikaanza upya, mara ya pili, mara ya tatu. Jasho likanitoka. Simu yake ikalia mfukoni. Achille, ambaye huwa anajibu simu hata mezani, hakuijibu.

“Umemaliza, Papa?” aliuliza hatimaye.

“Bado.”

“Sawa.”

Nikaendelea, maana mtu anayeficha jambo haachi katikati. Karibu robo saa. Nilipomwachia alikaa vile vile kidogo, amenipa mgongo, halafu akavaa koti polepole.

“Mi iko na mkutano saa nane,” akasema. Mlangoni akageuka akanitazama, nikadhani sasa ataanza: chumba, Gahanga, choo. Hakusema. Akashuka ngazi. Jumapili akapiga simu tukaongea habari za mchele na za padri, chumba hakikutajwa. Nikajisifu. Nikasema, Salvator, bado wewe ni mbweha.

Nilishona wiki tatu. Kitambaa kilikuwa sufu ya buluu iliyokolea, nzuri kweli, nimekiweka miaka kwenye sanduku. Palipohitaji kidole niliweka shavu, palipohitaji shavu na kidole niliweka kumbukumbu. Kushona kwenyewe hakukunishinda. Mikono imeshona miaka arobaini, inajua njia hata ikiwa imelala.

Siku ya mwisho nilikuwa nashikiza sponji ya bega la kushoto kwa mkono, sindano ikakatika. Nusu yenye tundu ilibaki na uzi. Nusu yenye ncha sikuiona.

Sindano hukatika, si ajabu. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu, nikapitisha ile sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio, nikapata pini mbili na msumari wa nani sijui. Ncha hakuna. Nikatandaza koti mezani, nikaingiza mkono. Kutoka kola mpaka pindo. Nikaminya bega. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Koti lilinyamaza.

Litasemaje kwa mkono uliokufa? Nililijua hilo wakati ule ule, sijidai nimelijua leo. Nikajaribu shavu, lakini sponji ya bega ni nene, huminywa kwa vidole, haipapaswi kwa uso. Mukabalisa alikuwa pale pale nje, ameketi kwenye kigoda anakunja vitenge. Ingetosha kumwita: mama, hebu minya hapa. Angeipata kabla ya kumaliza kucheka. Lakini angeuliza kwa nini siminyi mwenyewe, na siri kwa Mukabalisa hukaa kama maji kwenye kikapu. Ingefika Gahanga kabla ya koti.

Nikajiambia mkono umepita mara tatu. Sheria imetimizwa. Nikalipiga pasi, nikalifunika kwa nailoni, nikalitundika.

Walifunga ndoa Jumamosi, Kanombe, kanisa limejaa. Niseme kweli, suti ilimkaa. Niliketi mstari wa mbele nikaona bega la kushoto limelala sawasawa, nikasema moyoni: hata maiti anaweza kushona. Nje ya kanisa watu wakapanga mstari kuwahobera maharusi, kama ada yetu, mikono juu ya mabega, kifua kwa kifua, shangazi wa Bugesera, askari waliostaafu, wanakwaya, watu mia tatu kama si zaidi. Achille alisimama wima kama mlingoti. Ametulia mno, nikawaza. Lakini bwana harusi gani hatulii.

Jioni kwenye sherehe, mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi watawashukuru wazazi. Upande wangu nilisimama peke yangu, kiti cha pembeni kina mkoba wa mtu. Wakaniletea saa ya ukutani imefungwa karatasi ya kumetameta. Natacha akapiga goti kidogo, akanipa mikono miwili. Halafu mwanangu akanikaribia, na mbele ya watu wote nikamkumbatia. Sikuwa nimepanga. Nilimvuta tu, nikamkaza, maana kifua changu hakijafa, kifua kinasikia, na nilikuwa na njaa ya miaka.

Akajikaza. Nilimsikia mwili mzima ukiwa mgumu, pumzi ikamkatika, na akajitoa. Akarudi nyuma hatua moja. Akanipiga-piga mkononi vile watu wanavyompiga-piga mlinzi wa geti, akatabasamu kwa ajili ya kamera.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaketi.

Niliondoka kabla ya keki, nikasema kichwa kinauma. Kwenye basi saa ya ukutani ilikuwa inagonga kwenye karatasi yake mapajani mwangu, na sikuwahi kuchukia zawadi namna ile. Niliwaza kwamba nimemwaibisha. Niliwaza kwamba mtu mzima wa Kacyiru hapendi kuvutwa na mzee mbele ya wakwe. Nikafika mbali zaidi: kwamba mtoto huyu hajawahi kunipenda, amenivumilia, na leo uvumilivu umemwishia. Jumapili hakupiga simu. Jumapili ya pili hakupiga. Siku tuliyomzika Épiphanie nililia, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu na masufuria. Wiki zile mbili nilikuwa nasikia friji ikiwaka na kuzima.

Alhamisi moja mchana akaja Natacha. Nilisikia viatu kwenye ngazi, nikafungua komeo, nikamkuta mukazana wangu, mke wa mwanangu, amesimama na mfuko wa karatasi mkononi, na mkono mwingine lita mbili za maziwa. Mtoto wa kambini huyu. Kiswahili alijifunza kwa askari, kwa hiyo hata salamu yake inatoka kama amri.

“Mwiriwe, Papa. Chukua maziwa. Kaa chini.”

Nikakaa. Akatoa koti mfukoni, akaligeuza ndani nje, akalitandaza mezani. Bitana ya bega la kushoto ilikuwa na doa la kahawia, kubwa kama mfuniko wa soda, na katikati yake kitundu.

“Sindano,” akasema. “Kipande. Sentimita mbili. Nilimtoa mimi mwenyewe, usiku ule tumefika nyumbani. Sasa kidonda iko poa, usiogope.”

Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mimi.

“Alianza kusikia lini?” niliuliza mwisho.

“Kanisani, mlangoni. Mutu wa kwanza kumuhobera, ikaingia.”

“Na wengine wote?”

“Kila mutu akimukumbatia, inaingia tena.”

“Mungu wangu. Si angevua koti!”

“Nilimwambia vua. Akakataa. Akasema, hii koti imeshonwa na Papa, nikiitoa watu watauliza, Papa atapata aibu.” Akavuta kiti. “Alisema nisikuambie. Lakini mimi si bibi yake tu, mimi ni nesi. Fundi kama wewe haachi sindano. Papa, leta mikono.”

“Mikono ya nini?”

“Leta. Funga macho.”

Nikamwekea mikono mezani, viganja juu. Nikafumba macho. Alisema atanigusa kwa ncha ya kalamu, kidole kimoja kimoja, na kila nikisikia niseme ndiyo. Nikangoja. Chini barabarani mtu alikuwa anauza parachichi kwa kipaza sauti. Nikangoja zaidi. Nikaanza kukasirika, maana sipendi kuwekwa kama mtoto wa chanjo.

“Anza basi,” nikamwambia.

“Nimemaliza, Papa.”

Nilipofumbua macho, kalamu ilikuwa imeshafungwa, na kwenye ncha za vidole vyangu vyote kumi kulikuwa na nukta ya wino.

Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Aliuliza kama napima sukari ya damu, nikamwambia walinipa vidonge zamani na vilipoisha sikurudi. Akaandika kwenye karatasi siku ya kliniki, Jumatatu saa mbili, akaibandika kwenye kioo changu kwa pini. Akaniambia atanisubiri getini mwenyewe. Halafu akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu ya mukazana mbele ya baba mkwe, bila kunigusa, akashuka ngazi zake.

Nilikaa na lile koti. Nilikuwa nahesabu mambo upya. Ile pumzi iliyomkatika nilipomkumbatia haikuwa aibu. Mimi ndiye niliyemkaza kuliko watu wote mia tatu.

Nikachukua simu. Saa kumi hivi, alikuwa ofisini, nilisikia watu nyuma yake, kisha mlango ukifungwa.

“Papa. Amani?”

“Achille, mimi sina vidole.”

Nikasikia kiti kikivutwa.

“Vimekufa,” nikasema. “Mwaka wa pili sasa. Sisikii kitu. Nilijua sindano imekatika, nikapitisha mkono, nikajua mkono haufai, nikakupa koti hivyo hivyo. Nilikuficha usinipeleke Gahanga. Sasa nimesema. Uza cherehani.”

“Najua, Papa.”

“Natacha amekupigia?”

“Hapana. Nilijua siku ile ulinipima.”

“Nani alikuambia?”

“Hakuna mutu.” Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa ukuta una masikio. “Papa, ulinishika kwa nguvu. Kwa nguvu sana. Nilifika nyumbani nikavua shati, mabega iko na alama za vidole, huku na huku. Natacha akauliza nani amenipiga.”

Niliweka mkono mdomoni. Fundi wa mkono mwepesi.

“Mbona hukuniambia?” nikasema. “Ungesema Papa, unaniumiza. Ningeacha.”

“Ndiyo maana sikusema.”

Sikuelewa. Nikangoja.

“Papa, umenipima tangu darasa la kwanza,” akasema. “Kila mwaka. Na sijawahi kukusikia. Hata siku moja. Watu wote walikuwa wananiambia, baba yako iko na mkono mwepesi, hujui kama amekugusa. Mimi nilikuwa nachukia hilo neno. Nilikuwa nasimama pale kwa kioo, nasubiri, halafu unasema tayari, shuka. Ile siku ndiyo mara ya kwanza nimesikia baba yangu ananishika. Simu ilikuwa inalia, bosi ananitafuta, mimi naomba tu usimalize.”

Mtu aligonga mlango kule ofisini kwake. Akasema kwa Kinyarwanda wasubiri.

“Jumapili hukupiga,” nikasema.

“Niliogopa. Ukisikia sauti yangu ungejua kuna kitu. Na ile siku ya sherehe, Papa, uliponikumbatia, si mimi nilikataa. Ni bega ilikataa.”

“Nimeshaelewa.”

“Na Gahanga, hakuna mutu atakuleta kwa nguvu. Ile chumba tutaweka kuku.”

Alijaribu kucheka. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu, mmoja umeshika simu, mwingine uko juu ya koti, nukta za wino kwenye vidole.

“Hizo alama,” nikamuuliza, “zilikaa sana?”

“Siku nne,” akasema Achille. “Zilipoanza kupotea nilikuwa naziangalia kila asubuhi.”

Siku nne mwanangu alitembea na mikono yangu mabegani, akaenda nayo kazini, akalala nayo. Mimi nilikuwa nayo robo saa nzima juu yake, chumbani humu humu, na sikumpata hata kidogo.